Fundi, Sio Kila Shida ni Windows

Wasee wa Nakuru, tumechoka. Mashine inazima katikati ya gemu, fundi anasema, “Leta pesa nikupigie Windows mpya.” Wiki haiishi, imezima tena. Ukilalamika, unaongeza pesa!

Mwaka 2024 Intel wenyewe walikubali: prosesa zao nyingi za kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na 14, zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika polepole. Kinga ni maikrokodi mpya, inayoingia kupitia BIOS. Lakini chipu iliyoharibika haiponi. Hiyo ni ya kubadilishwa, na waranti iliongezwa miaka 2.

Kwa hivyo fundi, angalia prosesa na BIOS kwanza. Pesa yetu sio ya kubahatisha.