Mambo ya Nyumbani: Madoa ya Chokaa juu ya Motokaa



Wenye visima katika mwamba wa matumbawe, kama Unguja na Mombasa, wajua ya kuwa maji yake ni magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika hushika ukoko mweupe ndani. Hiyo ni chokaa iliyoyeyuka majini. Motokaa ikioshwa kwa maji hayo na kuachwa juani, maji hukauka, chokaa hubaki, ikawa madoa meupe.

Wako vijana wayasuguao kwa mchanga au majivu. Msifanye hivyo. Doa li juu ya rangi, bali mkwaruzo huingia ndani yake. Ukifika kwenye bati, kutu huanza. Hivyo mtunzaji wa mali ya mwenziwe huharibu kwa saa moja uaminifu wa miaka.

Dawa ni hii. Iwekeni motokaa kivulini hata bati lipoe. Changanyeni siki nyeupe na maji, sawa kwa sawa, mjaribu kwanza mahali pasipoonekana. Loweni kitambaa laini, mkiweke juu ya doa dakika moja au mbili. Ukali wa siki huyeyusha chokaa. Kisha suuzeni kwa maji mengi, mkaushe. Doa lililokwisha kula rangi halitoki kwa siki. Hilo lataka fundi.

Lililo bora ni kuosha asubuhi na mapema, na kukausha kwa kitambaa kabla jua halijakausha.

Na neno chungu nyumbani ni vivyo hivyo: lifuteni lingali bichi, tena kwa upole.