Ubao wa Kijivu si Ubao Uliooza

Mtu apitaye Bombambili, mjini Songea, mwishoni mwa kiangazi, huona milango ya mbao iliyogeuka rangi ya majivu. Aghalabu wenyewe huiita mibovu. Katika nyumba moja nilikuta mlango wa mninga umekwisha kung'olewa na kuegemezwa ukutani, wangojea kupasuliwa kuni, na nafasi yake imepimwa kwa ajili ya mlango wa chuma. Nilimwomba mama mwenye nyumba aniachie saa moja na kamera yangu. Alicheka, akaniletea kigoda.

Sehemu ya juu, iliyokingwa na upenu, ilikuwa bado na rangi ya hudhurungi. Kutoka kwenye kitasa kwenda chini, ubao ulikuwa wa kijivu, umejaa vifereji. Songea iko kusini ya ikweta kwa zaidi ya nyuzi 10, hivyo mwezi Juni jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini, na mlango ule ulikuwa umeelekea huko huko. Jua la kiangazi lilikuwa limechora juu yake mpaka wa kivuli cha upenu.

Mionzi ya urujuanimno huvunja lignini, yaani ile gundi ya asili ishikamanishayo nyuzi za ubao, ambayo ni kama robo ya uzito wake. Mvua za Novemba zikianza, huosha kilichovunjika. Hubaki nyuzi za selulosi zilizopauka, na kuvu wadogo wa juu juu huzitia weusi. Ndipo ipatikanapo rangi ya kijivu. Kuvu hao hula mabaki ya usoni tu, hawali mwili wa ubao. Mionzi yenyewe haipenyi hata sehemu moja ya kumi ya milimeta. Katika nchi za baridi, ambako mambo haya yamepimwa kwa muda mrefu, mbao laini za misonobari humomonyoka kiasi cha milimeta 6 kwa miaka 100. Jua letu ni kali zaidi, sikatai; lakini mninga nao ni mzito kuliko msonobari, na mlango ule ulikuwa na unene wa sentimita 4.

Uozo ni jambo jingine kabisa. Kuvu walao mbao huhitaji unyevu wa kudumu, nao huingia ndani. Mara nyingi ubao uliooza hupasukapasuka vipande kama vya miraba, na ncha ya kisu huzama bila kushurutishwa. Kwa macho matupu hali hizi mbili huweza kufanana. Kwa picha ya karibu mno hutengana. Katika picha zangu niliona vifereji virefu vikifuata nyuzi, vyenye kina zaidi pale penye mirija mipana. Miraba niliiona mahali pamoja tu: kwenye pembe ya chini, karibu na kizingiti, ambako matone ya mvua huruka kutoka ardhini. Upana wake ulikuwa vidole vitatu.

Hapo ndipo nitofautianapo na wenzangu wapigao picha za mbao kuukuu kwa ajili ya urembo. Picha zao zapendeza, na moja nimeitundika ofisini mwangu. Ila hazina kipimo. Ufa wa nusu milimeta na ufa wa sentimita nzima huonekana sawa, na mtazamaji hajui ubao ulielekea wapi wala picha ilipigwa mwezi gani. Rula ndogo ikiwekwa pembeni, nuru ikija ubavuni asubuhi ili vifereji vitoe vivuli, na tarehe ikiandikwa, picha ile ile yageuka kuwa ushahidi. Si lazima kamera ya gharama: simu iliyobandikwa lenzi ndogo ya kukuza yatosha, mradi mkono usitikisike, kwa maana kwa umbali huo kupepesuka kwa milimeta moja huharibu kila kitu. Shule ya sekondari yaweza kuchagua milango mitano na kuipiga picha kila mwaka mwezi ule ule. Nashangaa kwamba twawafundisha vijana muundo wa mti kwa michoro ya ubaoni, ilhali mlango wa darasa lenyewe umekwisha kufunuliwa na jua.

Jambo hili si la udadisi mtupu. Mninga wa miombo huchukua takribani karne moja kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mwezi Novemba 2022, huko Panama, nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES zilikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya jamii yote ya mininga ya Afrika. Udhibiti huo hauwezi kumzuia mtu kupasua mlango wake mwenyewe.

Yule mama hakushawishika kwa hoja zangu za lignini. Alimwita fundi seremala. Fundi alikata pembe iliyooza, akaunga kipande kingine, kisha akapitisha randa mara tatu au nne sehemu ya kijivu. Maranda ya kwanza yalikuwa kama majivu; yaliyofuata yalikuwa mekundu.