Dirisha lako la kuandikia, lipange mwenyewe

Wadau, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo: sura ya ile programu tunayoandikia. Najua wapo watakaosema, "Mwandishi mzima kakosa cha kuandika!" Nivumilieni kidogo.

Kuna usiku mmoja nilikuwa naandika habari ya vibarua waliokuwa wakidai malipo yao. Saa tano usiku, macho mazito, dirisha la Notepad limetanda kioo kizima, herufi ndogo kama sisimizi. Nikasoma, nikarudia, nikatuma. Asubuhi akanipigia simu mmoja wao, mtu mzima: "Mwanangu, nani katulipa?" Nikaifungua habari. Pale nilipokusudia "hawakulipwa" nilikuwa nimeandika "walilipwa".

Kosa ni langu na niliomba radhi. Ila nilijifunza kitu. Kiswahili chetu hubeba ukanushi ndani ya neno lenyewe, katika silabi moja au mbili tu. Jicho lililochoka, likiwa linahangaika kwenye mstari mrefu kama barabara ya Dodoma, linazipita bila kuziona.

Watu wa uchapaji walishaliona tatizo hili. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka 1992, The Elements of Typographic Style, anataja herufi 45 hadi 75 kuwa urefu mzuri wa mstari, nafasi zikihesabiwa humo. Chukua gazeti lolote ulitazame: safu zake ni nyembamba. Sasa iweje sisi tunaoandika humo tuandike kwenye mstari wa herufi mia mbili?

Dawa yake haina gharama. Kwenye Notepad, shika ukingo wa dirisha kwa kipanya, ulisogeze mpaka mstari ubakiwe na herufi kama 65. Washa kipengele cha kukunja mistari, kisha ongeza ukubwa wa herufi. Ukifunga na kufungua tena, dirisha linarudi na ukubwa uleule. Kwa wale wa gVim, mstari mmoja kwenye faili la vimrc unatosha: set columns=65 lines=35. Na Notepad++, iliyoanza mwaka 2003, inakuruhusu kubadili hadi rangi ya karatasi na ya herufi.

Utaniambia, "Lakini vipimo vya kawaida si vimewekwa na wataalamu?" Haya, chukua safu 80 ambazo programu nyingi hufunguka nazo. Asili yake ni kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, zilizokuwa na safu 80. Kipimo hicho kikarithiwa na vioo vya kompyuta kama VT100 ya mwaka 1978, na mpaka leo kipo. Kilianzia kwenye kadi, si kwenye jicho lako.

Kuna na lile la mistari myekundu. Mwaka 2024 hata Notepad ya Windows 11 iliongezewa kikagua tahajia. Kama mashine yako inakagua kwa Kiingereza, habari yako ya Kiswahili itajaa wekundu mwanzo hadi mwisho. "Walilipwa" itapigwa mstari, na "hawakulipwa" itapigwa vilevile. Alama inayolalamikia kila neno haikusaidii kitu, tena inakuzoesha kuiona lugha yako kama kosa. Ingia kwenye mipangilio uizime.

Sisemi dirisha jembamba litamfanya mtu awe mwandishi hodari. Uzembe ni uzembe tu. Ila fundi cherehani hakai kushona kabla hajaisogeza taa yake, na hakuna anayemcheka.

Langu siku hizi ni jembamba, herufi kubwa, karatasi ya rangi ya maziwa. Na kabla ya kutuma habari, nasoma vitenzi vyote kimoja kimoja. Yule mzee bado ana namba yangu.