Kishikwambi Hakina Funguo za Kihenge

Siku hizi kumeingia mahubiri mapya majumbani, nayo hayatoki kanisani wala msikitini. Yanatoka kwenye kishikwambi. Tangu Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi, na baadaye serikali ikavigawa kwa walimu, chombo hiki si kigeni tena hata huku kwetu Busisi. Asiyekuwa nacho huenda ana simu ya kupangusa. Humo ndani mtu anaweza kuweka programu ya kupanga chakula cha familia. Unachagua: Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali samaki, mpaka Jumapili. Programu inajumlisha vitu vyote na kukutolea orodha ya kununua. Ukishanunua unafuta. Baba naye akiwa na simu yake, anaiona orodha ileile.

Chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na wahubiri wake. Utawasikia: "Wanawake wa huku hawana mipango bwana! Kila siku wako gengeni, leo chumvi, kesho nyanya mbili. Wangetumia programu wangeokoa hela." Ati hawana mipango!

Nasema huo ni uongo, tena wa kumdhalilisha mama. Anayenunua mafuta ya kupimiwa kwenye kikombe hajasahau kwamba dumu lina nafuu. Anajua kuliko wewe. Lakini asubuhi baba ameacha mezani hela ya mboga ya siku moja, akaondoka kabla hajaulizwa swali. Tuseme ni shilingi 7,000. Kwa wiki ni 49,000. Zingetolewa zote Jumamosi, mama angenunua unga wa wiki nzima, sado ya maharage na dumu dogo la mafuta. Zikitolewa vipande saba, anakwenda gengeni mara saba kununua vibaba na mafungu, na kila fungu lina faida ya mwenye genge ndani yake. Hela ni zilezile, chakula kimepungua. Hapo kishikwambi kitasaidia nini? Kumwandikia orodha ya wiki mtu mwenye hela ya leo ni sawa na kumpa ratiba ya kuvua mtu asiye na mtumbwi.

Kwani kupanga chakula kumeanza na umeme? Bibi zetu wa Usukumani na Uzinza walikata viazi vitamu wakavianika, wakapata michembe. Vingine walivichemsha kwanza ndipo wakavianika, yakawa matobolwa. Majani ya kunde nayo yalikaushwa yakasubiri kiangazi. Bibi alipanga chakula cha miezi na wala hakujua kusoma. Sisemi zamani ilikuwa peponi, maana bibi alichoka sana. Ila chakula kikishaingia kihengeni, yeye ndiye aliyechota, na yeye ndiye aliyejua kimebaki kiasi gani. Leo kihenge kimehamia mfukoni mwa baba. Mama kabakiwa na mwiko, halafu tunamlaumu kwamba hapangi!

Najua jibu la wanaume wenzangu. Watasema mvuvi hana mshahara. Ziwa likitoa tunakula, likinyima tunalala. Sawa. Lakini dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi mingi inapumzika. Hiyo si siri. Mtoto yeyote aliyekulia mwaloni anajua wiki ya ukata itaingia lini. Mbona basi hela ya giza inaishia kilabuni gizani humohumo, na mbalamwezi ikifika mama ndiye anayetumwa dukani kukopa kwa jina lake? Mwenye kipato cha kupanda na kushuka anahitaji mpango kuliko hata mwalimu mwenye mshahara. Giza likilipa, nunua gunia la mahindi kabla ya chupa ya kwanza. Hiyo nayo ni programu, na haihitaji chaji.

Jambo hili si la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kwetu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi na maji machafu, na sisemi zote zimo mfukoni mwa baba. Lakini mtoto anayekula ugali kwa mchuzi wa nyanya siku nne mfululizo, kando ya ziwa lenye dagaa na sato, hakukosa mapishi. Amekosa fungu la dagaa, kwa sababu siku hiyo hela iliyoachwa mezani haikufika huko.

Kwa hiyo programu itumike, lakini ianzie kwa baba. Uzuri wake mkubwa ni ile orodha inayoonekana na wote wawili. Sukari ikiisha Jumatano, iishe mbele ya macho yake pia. Nyanya zikipanda bei, aone kabla ya kuuliza, "Hela yote umeipeleka wapi?" Nashuku ndiyo maana baadhi ya wanaoisifu sana wanamwekea mke, wao wenyewe hawaiweki.

Nyumba isiyo na kishikwambi itumie daftari la shule lililobakiwa na kurasa. Upande huu iandikwe hela iliyotolewa, na nani, siku gani. Upande ule kilichonunuliwa. Na mama aandikwe kwa anachotoa yeye, maana katika nyumba nyingi hela yake ya samaki wa kukaanga au ya uji ndiyo inayoziba pengo, wala haitajwi. Tena sasa hela hiyo ni ngumu zaidi. Daraja la JPM lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na msafiri aliyekuwa akinunua chakula huku akisubiri kivuko, leo anapita juu bila kusimama.

Nanyi waandishi wenzangu chipukizi, hamjasalimika. Hadithi zetu zimejaa meza zilizoandaliwa "chakula kitamu", na hakuna anayeuliza kimenunuliwa kwa hela ya nani. Mhusika anakunywa chai kurasa ishirini, sukari haiishi! Hebu tuandike nyumba ambamo sukari inaisha, tuone nani atanyamaza na nani atatoka kwenda kukopa. Huko ndiko kuna riwaya.

Daraja letu lina urefu wa kilometa 3, kutoka Kigongo mpaka hapa Busisi, na foleni ya kivuko tumeisahau. Lakini kati ya mfuko wa baba na jiko la mama foleni ipo kila asubuhi. Wanaume wenzangu, napo hapo pajengwe.