Nyumba Yenye Magurudumu na Sala ya Msafiri

Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nahl, aya ya 80, anatukumbusha neema mbili za makao: nyumba za kutulia, na mahema ya ngozi yaliyo mepesi kubebwa siku ya kuhama na siku ya kutua. Basi makao yahamayo si jambo jipya. Jambo jipya ni sura zake, ambazo vijana wetu wakiziona katika picha huziita zote kwa jina moja. Mwezi huu twapenda kuzibainisha, kwa kuwa tofauti zake zinafika hata kwenye msala.

Huko Marekani iko nyumba itengenezwayo kiwandani juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu. Haina injini. Huvutwa na lori mpaka kiwanjani, ikaungwa maji na umeme, na aghalabu haiondoki tena. Kanuni za serikali zilizoanza tarehe 15 Juni 1976 zinaitazama kuwa ni nyumba. Ya pili ni gari lenye injini yake, na ndani yake kitanda, jiko na tangi la maji. Dereva huliendesha mchana na kulala humo usiku. Ya tatu ni karavani: ina kitanda na jiko, lakini huvutwa na gari jingine, na mwenyewe akifika huifungua na kuiacha hapo. Kwa ufupi, ya kwanza ni nyumba iliyopata kusafiri. Mbili za mwisho ni vyombo vya safari vilivyopata vitanda.

Sisi wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa twaweza kuyapima haya kwa meli. Abiria apandaye Mbamba Bay kwenda Kyela hulala melini, wala haijawa nyumba yake. Kwao ni kule alikotoka. Lakini yuko baharia ambaye chombo ndicho makao yake, anakaa humo na ahli zake, wala hana nyumba nchi kavu. Je, huyu naye ni msafiri?

Wanavyuoni walilijibu hili kabla ya kuundwa injini. Imamu Ahmad bin Hanbal alisema kuwa baharia huyo hapunguzi sala, maana hakutoka nyumbani kwake. Katika madhehebu yetu ya Kishafii anayo ruhusa ya kupunguza, lakini kutimiza ni bora, ili atoke katika hitilafu. Nasi twaona kwamba aliyelifanya gari kuwa makao yake ya daima, na familia yake imo ndani, hali yake ni kama ya baharia huyo. Ama mwenye nyumba Mbinga alalaye garini kwa siku mbili tatu, huyo hukumu yake ni ya abiria.

Hapa pana kosa ambalo twaliona kwa baadhi ya vijana wetu waendeshao malori. Kijana hutoka Mbinga kupeleka mzigo Mbamba Bay, akalala kitini mwa lori, kisha akasema, "Mimi msafiri," akapunguza sala. Ndugu zetu, kulala garini hakumfanyi mtu kuwa msafiri. Kinachotazamwa ni mwendo aliokusudia. Barabara hiyo ya lami ina kiasi cha kilomita 66, na mwendo wa kupunguza sala kwetu Mashafii unapita kilomita 80. Basi na atimize. Ama atokaye Songea kwenda Mbamba Bay, mwendo wake umetimia, naye anayo ruhusa.

Na aliyemo melini wakati wa faradhi aelekee kibla, nacho kwetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Asimame akiweza, akichelea kuanguka kwa mawimbi, na asali kwa kukaa. Meli ikigeuka, naye ageuke.

Basi, enyi wazazi, wafunzeni vijana wenu kujiuliza kabla ya takbira: kwetu ni wapi, na leo nimekusudia kufika wapi? Magurudumu hayajibu maswali hayo, wala kitanda.

Wallahu aalam.