Mirathi: Wakili aitwe lini?



Kila panapotoka jeneza katika mji wetu wa Mpwapwa, aghalabu hazipiti wiki mbili kabla ya hodi kubishwa katika ofisi ya msikiti. Huja mtoto mkubwa wa marehemu, au ndugu yake, au kaka wa mjane, kwa kuwa mjane mwenyewe yumo katika eda. Wanataka barua ya msikiti, wanataka sheikh wa kuwapigia mafungu, na kabla ya kuondoka mmoja wao huuliza kwa sauti ya chini: je, tutafute wakili? Kwa miaka kadhaa jibu letu sisi wa kamati lilikuwa moja. Tulisema wakili ni wa watu waliogombana, na nyinyi ni ndugu, basi yamalizeni nyumbani.

Tunaandika safu hii kwa sababu jibu hilo limekwisha kumdhuru mtu.

Alikuwa mjane mdogo wa mzee mmoja wa jamaa yetu. Mzee aliacha wake wawili, watoto watano, yaani wavulana watatu na wasichana wawili, shamba la karanga na alizeti upande wa Chunyu, ng'ombe waliokuwa wamewekwa kwa watu huko Kibakwe, na nyumba ya mjini aliyokuwa akiishi na mke mdogo. Kikao cha familia kilikaa, mtoto mkubwa akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Sheikh wetu akapiga hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi: kwa kuwa wapo watoto, wake wote kwa pamoja wana thumuni moja, kila mmoja nusu yake, na kinachosalia ni cha watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Mjane mdogo akaambiwa kwamba fungu lake katika ile nyumba ni sehemu moja ya kumi na sita.

Naye nyumba ile anasema kiwanja chake alikinunua yeye, kwa fedha ya mafuta ya alizeti aliyokuwa akikamua na kuuza, na hati ikaandikwa jina la mumewe kwa sababu mume ndiye aliyekwenda ofisini.

Hapo ndipo tulipokosea. Elimu ya faraidhi inagawa mali ya marehemu. Haisemi mali ya marehemu ni ipi. Kabla ya mafungu yapo mambo ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anayajua: gharama za mazishi, madeni, kisha wasia usiozidi theluthi na usiokwenda kwa mrithi bila ya ridhaa ya wenziwe. Lakini kabla ya hayo yote lipo swali la nini kilikuwa chake na nini kilikuwa cha mtu mwingine kikiwa mikononi mwake. Swali hilo hujibiwa kwa ushahidi, na likiwa na ubishi halina jibu katika kitabu cha faraidhi. Sisi tulilijibu kwa kunyamaza, tukaingiza nyumba nzima katika hesabu.

Kaka yake alikuja kwetu akiwa na wazo la wakili. Tukamwambia asiwashe moto, asubiri eda iishe.

Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Rufaa dhidi ya uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hupelekwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Kikao cha familia, maombi mahakamani, tangazo na uteuzi, yote hufanyika mjane akiwa ndani, na kwa kawaida husemewa na wale wale ambao maslahi yao yanagongana na yake. Wanazuoni wengi wanamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja inayomlazimu, na hatujui haja gani iliyo kubwa kuliko kusimamia haki yake. Asipoweza kutoka, basi na apate mtu wa kusimama kwa ajili yake, na huyo asiwe mshindani wake katika urithi.

Alipotoka eda, tulimpeleka Baraza la Kata. Huko tulipoteza miezi, kwa kuwa tangu 2021 Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi kazi yake ni kusuluhisha, si kuamua. Wakili angetuambia hilo kwa dakika tano. Angetuambia pia kwamba aliyechelewa rufaa anaweza kuomba aongezewe muda akiwa na sababu za msingi, na kwamba Mahakama ya Mwanzo iliyomteua msimamizi inaweza kuombwa itengue uteuzi wake. Wakati tunajifunza haya, nyumba ilikwisha kuuzwa. Mnunuzi si mrithi, si ndugu, hamjui mjane. Ana mkataba mkononi na mafundi juu ya paa.

Tusifahamike vibaya. Mirathi nyingi zinazopita mikononi mwetu hazihitaji wakili hata siku moja. Mahakama za Kadhi Tanzania Bara ziliondolewa na sheria ya 1963, na tangu hapo mirathi ya Muislamu imekuwa ikisikilizwa na Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu, kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili na fomu ni chache. Kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa hata kusimama humo; mabadiliko ya sheria ya 2021 ndiyo yaliyomfungulia mlango, pale ambapo hakimu ni hakimu mkazi. Familia iliyopatana, yenye mali inayojulikana na warithi wote watu wazima, ikiwa na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na sheikh mwenye elimu, itamaliza jambo lake kwa nauli tu. Kuilipa ofisi ya mawakili Dodoma, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, kwa kazi hiyo ni kupunguza mali ya warithi bila sababu.

Jambo hubadilika pale mtu anaposema hiki si cha marehemu ni changu, au cha marehemu kimeshikwa na mtu wa nje. Ng'ombe waliowekwa kwa watu bila maandishi ni mfano unaotuhusu sana sisi wa mkoa huu. Mzee akifa, idadi hupungua kwa njia za ajabu. Mtafuteni mwanasheria pia ikiwa wapo watoto wadogo na msimamizi naye ni mrithi mwenzao, maana yatima hawezi kuuliza, na aya ya 10 ya Surat An-Nisaa inatosha kumtisha anayejua anachokula. Mtafuteni pindi mkipokea uamuzi msiokubaliana nao, siku hiyo hiyo, kwa sababu zile siku 30 zinahesabika.

Na mtafuteni msimamizi anapokaa kimya. Sheria inamtaka, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, awasilishe orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, na baada ya hapo hesabu, Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Wengi hawafanyi. Hudhani barua ya usimamizi imewafanya wenye mali, ilhali kazi yao ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Yule kijana wetu hakuwasilisha hata karatasi moja, na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulioandika barua ya kumsifu hatukumuuliza.

Kuhusu wakili mwenyewe: hakikisheni ni wakili kweli, si kishoka wa kibarazani mwa mahakama. Wakili jina lake limo katika orodha ya mawakili na leseni yake huhuishwa kila mwaka, na haoni vibaya kuulizwa. Malipo yaandikwe kabla ya kazi, kwa kiasi kinachojulikana. Anayetaka kipande cha shamba badala ya fedha mwacheni. Kwa maoni yetu, anayetumwa na msimamizi kudai mali ya marehemu kwa faida ya wote anaweza kulipwa kutoka katika mali hiyo kwa ridhaa ya warithi, bali mrithi anayepigania fungu lake amlipe mwenyewe. Asiye na uwezo asikate tamaa. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo watoa huduma waliosajiliwa kumsaidia bila malipo, na kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa hapa hapa Dodoma mwaka 2023. Ulizeni halmashauri.

Wapo watakaosema kwamba kwenda kwa wakili ni kukata undugu. Aya ya 188 ya Surat Al-Baqara inakataza kuwaendea mahakimu ili kula mali za watu kwa batili. Haikatazi anayeliwa kwenda kuzuia. Na undugu, kwa tuliyoyaona, ulikatika siku ile nyumba ilipouzwa kimyakimya, kabla ya wakili yeyote kujulikana.

Kamati sasa imebadili utaratibu. Hatuandiki barua ya kumpendekeza msimamizi kabla watu wetu wawili, mmoja wao mwanamke, hawajafika kwa mjane katika eda yake na kumwuliza kipi ni chake. Na kila barua tukiitoa, tunaandika katika kalenda ya ofisi tarehe ya miezi minne, ili tumuulize aliyeteuliwa fomu ziko wapi.

Yule mjane anaishi kwa kaka yake karibu na stesheni ya Gulwe. Amepata wakili, na shauri lake la nyumba limepangiwa tarehe. Katibu ameombwa aje kama shahidi, aeleze barua ile iliandikwaje, naye amekubali.