NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi twaongeza: ukishaingia, pita mpaka uani ukalitazame pipa la taka, kwani hapo ndipo ilipo hakika ya usafi wa mwenye nyumba.

Twalisema hili tukiikumbuka Mtumba, mashariki ya mji wa Dodoma. TANU iliazimia mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na Mji wa Serikali ukazinduliwa hapo Mtumba Aprili 2019. Tangu hapo watu wamemiminika, na ndugu zetu wa visiwani wamo miongoni mwao kwa kazi na biashara. Majumba ya wizara yanapendeza macho. Lakini nzi hajui wizara wala kibanda. Yeye hujua harufu tu.

Basi na tumjue adui huyu kwa hesabu zake. Nzi jike hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi kwa mara moja juu ya uchafu mbichi. Penye joto, mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja. Funza wakala, wakashuka kujificha katika udongo mkavu kando ya pipa, na kwa siku 7 hadi 10 nzi wapya huruka. Kwa hiyo mwenye kungoja gari la taka mara moja kwa juma amempa adui takriban muda wote anaouhitaji. Mabaki ya chakula yafukiwe shimoni kila siku, nalo pipa limwagwe angalau mara mbili kwa juma.

Tena, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya dukani ilipopigwa marufuku Bara, uchafu uliokuwa ukifungwa mfukoni huingia pipani ulivyo. Marufuku ni jambo jema, lakini imezidisha haja ya kuliosha pipa.

Watakuwako wasemao kuwa nchi ya Ugogo ni kame, maji ya kunywa ni ya taabu, seuze ya kuoshea pipa! Hoja hii ina uzito, lakini haishindi. Pipa lisuguliwe kwa majivu, lisuuzwe kwa maji kidogo ya sabuni, kisha lifudikizwe juani. Funza hawaishi pasipo unyevu, na jua la Dodoma halina bei. Kifuniko kikaze, ili panya na mende wasipate njia. Na mvua zianzapo Desemba, makopo yasiachwe kujaa maji, kwani humo huzaliwa mbu wa homa ya dengi, iliyowatesa watu wa Dar es Salaam mwaka 2019.

Jambo hili si dogo. Kipindupindu kilizuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikaenea mikoani, kikavuka bahari hadi Unguja. Nzi atokaye chooni na jaani akatua juu ya chakula cha mtoto ni mjumbe wa maradhi hayo.

Halmashauri ina wajibu wa kuleta gari la taka kwa siku iliyowekwa, nasi tuna haki ya kuidai. Lakini neno la mdai husikilizwa zaidi pipa lake mwenyewe likiwa safi na lenye kifuniko.